Mifuko ya PICS kwa mahindi na maharage: maoni ya muuza nafaka wa Uyole

Kwa wenye haraka: kama mahindi yako yamekauka kweli na nia yako ni kuyafungia Agosti uje kuyafungua Februari bei ikishapanda, nunua mfuko wa PICS, huu wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa. Kama unatafuta gunia la kuchota debe moja kila Jumamosi, hela yako ibaki mfukoni. Wenye muda tuendelee.

Nauza mchele, maharage, mahindi na unga hapa Uyole, Mbeya, upande wa njia panda ya kwenda Tukuyu. Mchele wangu unatoka Kyela na Ubaruku, mahindi nayafuata Inyala na Mbozi. Msimu hauna siri. Juni mpaka Agosti mahindi yamejaa kila kona na bei iko chini, Januari mpaka Machi yameadimika na bei imepaa. Riziki ya mtu kama mimi iko katikati hapo, na katikati hapo hapo ndipo mdudu naye anapotafuta ya kwake.

Kabla ya mfuko, tumjue mdudu, maana kila msimu naona watu wananunua dawa ya mdudu wasiyekuwa naye. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, usiishie juu. Ukikuta ndani kuna joto wakati nje ni baridi, jibu umeshalipata: wadudu wakiwa wengi wanapumua, na pumzi yao inapasha nafaka. Toa mahindi ya mikono miwili, yamwage kwenye sinia jeupe, tikisa. Fukusi utamwona upesi. Ni mdogo, milimita 3 hadi 4, rangi ya hudhurungi iliyokolea, ana madoa manne mekundu-mekundu mgongoni, na mbele ana mdomo mwembamba uliochomoza kama mkonga wa tembo. Kwa mdomo huo jike hutoboa punje, hutaga yai, kisha huziba tundu kwa ute wake. Ukiitazama punje ile huoni kitu. Funza anakulia humo humo, anakula ndani, anageuka kuwa mdudu kamili ndipo anatoka kwa tundu la mviringo. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 safari hiyo yote ni wiki tano hivi. Kwa baridi yetu ya Julai anajikokota, lakini hafi.

Hapo ndipo ugomvi wa dukani unapozaliwa. Fukusi wa mahindi anaruka, anayafuata mahindi shambani yakiwa bado kwenye mabua. Mteja ananunua kwangu Julai, mahindi yanang'aa, anayapeleka Soweto au Iyunga, hapa hapa mjini Mbeya. Joto la Oktoba likija gunia linachangamka, naye anarudi amekasirika: "Mama, uliniuzia wadudu." Nilimuuzia mayai, mwanangu, na mwenye shamba aliniuzia mimi mayai hayo hayo. Wengi huku wanaamini kuwa Mbeya ni baridi kwa hiyo mdudu hatusumbui. Baridi inamchelewesha tu.

Dumuzi, ambaye wengine wanamwita Skania, ni habari nyingine. Hana mkonga. Mwili wake ni mrefu wa mviringo, kichwa kimejikunja chini kiasi kwamba ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma amekatika wima. Alama yake kubwa ni unga. Fukusi anaacha matundu na vumbi kidogo, dumuzi anasaga. Ukinyanyua gunia, chini unabaki na kilima cha unga mweupe na punje zilizobaki maganda. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na huku kwetu alionekana kwanza upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Anakula mahindi na mihogo mikavu, na anatoboa hata mbao. Nailoni pia anaweza kuitoboa, jambo nitakalolirudia kwa sababu linahusu hela yako.

Kwenye maharage ni mdudu wa tatu, mfupi mnene, kijivu-kijivu. Fukusi wa mahindi hawezi maharage, kwa hiyo ukiona vyote viwili vinaliwa stoo ujue una wageni wa aina mbili. Huyu wa maharage akiwa mkubwa hali kitu, kazi yake ni kutaga tu. Wanaokula ni watoto wake ndani ya harage. Kabla hajatoka anaacha kijidirisha cha mviringo juu ya ganda, ukikibonyeza kinafunguka. Mwanamke anayejua kuchagua maharage anavitafuta vijidirisha, hasubiri matundu.

Sasa mfuko. Kwa nje ni kiroba cha salfeti cha kawaida cha kilo 100. Ndani yake kuna nailoni mbili nzito, kila moja na unene wa maikroni 80, moja ndani ya nyingine. Hakuna dawa hata chembe. Ulibuniwa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, akiwemo Larry Murdock, na nia yao ilikuwa kunde. Mahindi na maharage yalifuata baadaye. Hii inayouzwa Tanzania inatengenezwa Tanga. Mimi nimenunua shilingi elfu tano mmoja, na ukichukua mingi kwa pamoja unapunguziwa kidogo. Kiroba kitupu cha kawaida ni bei ndogo sana ukilinganisha, kwa hiyo naelewa kwa nini mkulima anasita.

Kazi inavyofanyika ni hivi: ukishafunga, hewa ya nje haiingii. Wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni iliyobaki kwa kupumua kwao wenyewe. Ikishuka sana wanaacha kula, wanaacha kutaga, na mwisho wanakufa. Utafiti wa watu wa Purdue uliochapishwa 2012, walioufanya kwa mdudu wa kunde, ulionyesha kuwa kinachowaua hasa ni kukauka: mdudu wa nafaka hanywi, maji yake anayatengeneza mwilini kutokana na chakula, na bila oksijeni hawezi kuyatengeneza. Mimi maelezo hayo nimeyapenda, maana yanajibu swali la wateja wangu: "Mbona hamna dawa, wanakufaje?" Wanakufa kwa kiu, shemeji.

Na kwangu walikufa. Mahindi ya Mbozi niliyoyafunga yakiwa na fukusi wachache wanaotembea, nilipoyafungua mwezi wa pili niliwakuta chini ya nailoni wamekauka, na punje zilikuwa vilevile nilivyoziingiza. Uzito haukupungua. Rangi ilikuwa ile ile, na harufu ya mahindi mapya ilikuwa bado ipo, kitu ambacho dawa ya unga haikupi. Maharage ndiyo yalinifurahisha zaidi. Njano Uyole, wenyeji mnajua, yanapendwa kwa rangi yake, na mteja akiona tundu moja anahamia kwa jirani. Yalitoka yote mazima. Ningelazimika kuchagua kitu kimoja cha kutia kwenye mifuko hii, ningeacha mahindi nikatia maharage, kwa sababu kilo ya maharage ina hela zaidi na mdudu wake anaharibu upesi zaidi.

Lakini ufungaji una masharti, na hapa ndipo wafanyabiashara wenzangu wanapoukataa mfuko. Sisi tumezoea lumbesa. Gunia linashindiliwa, linawekwa kilemba, linashonwa kwa kamba mpaka linafanana na mjamzito wa miezi tisa. Mfuko huu hautaki lumbesa. Lazima uache shingo ndefu ya nailoni, kama urefu wa mkono toka kiwiko mpaka kifundo, ukamue hewa, uisokote ile shingo mpaka iwe ngumu, uikunje, uifunge kwa kamba mara mbili. Halafu nailoni ya pili hivyo hivyo, peke yake, usizifunge pamoja. Mwisho kiroba cha nje. Vijana wa kupakia wanalalamika kwamba ni kazi ya kupoteza muda. Mimi nafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, unabana kuliko kamba ya katani na haulegei.

Kabla ya kujaza, jaza hewa kila nailoni, ishike mdomo, ibane kidogo, sikiliza. Ikivuja, usiijaze. Kazi hiyo wape watoto, wanaipenda. Mfuko ukishajaa usiuburuze. Sakafu zetu nyingi za stoo ni za saruji iliyokwaruzika, na kiroba cha nje hakilindi kitu ukikivuta na kilo mia ndani. Unanyanyuliwa na watu wawili, unawekwa juu ya chaga za mbao zisizochomoza misumari, mbali na ukuta. Na panya jamani! Panya hajali ni Purdue wala ni nani. Wifi yangu yuko Ilula, Iringa, huko joto ni zaidi yetu na mahindi yake mwaka juzi yalipigwa na dumuzi. Alinunua mifuko hii, akaiweka kwenye kile chumba cha jikoni cha zamani chenye panya. Nailoni zote mbili zilitobolewa kwenye kona, hewa ikaingia, dumuzi wakaendelea na shughuli. Akanipigia: "Wifi, mfuko wako ni wa bure." Nikamwambia afuge paka kwanza. Sasa ana paka, na mifuko ya mwaka uliofuata imesimama.

Turudi kwa dumuzi mwenyewe. Kwa sababu anaweza kuitoboa nailoni, usiyaingize mahindi ambayo tayari anatembea humo kwa mamia. Pepeta kwanza, anika juani juu ya turubai, chekecha, ndipo uingize. Nailoni ni mbili kwa sababu ya mambo kama hayo: akitoboa ya ndani, ya nje bado imeshika. Fukusi hana nguvu hiyo, naye ndiye tunayehangaika naye zaidi huku juu.

Sharti kubwa kuliko yote ni ukavu, na mkulima wa nyanda za juu hapo ndipo anaponiumiza. Juni na Julai jua lipo lakini halina nguvu, asubuhi ukungu unashuka, mahindi yanapukuchuliwa yakiwa bado na maji. Kiwango cha mahindi ya kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hicho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Mahindi yenye maji ukiyafungia kwenye nailoni isiyopitisha hewa, maji hayana pa kwenda. Yanaota ukungu, yananuka, na ukungu wenyewe unaweza kuleta sumukuvu. Tunakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara, sumukuvu iliua watu. Kukoboa hakumalizi sumu hiyo, wala kupika.

Kama huna mashine ya kupimia unyevu, tumia chumvi. Chupa ya kioo kavu, chumvi kavu iliyokaangwa kidogo, mahindi robo chupa. Funika, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi kwenye turubai. Kuuma punje kwa jino ni ufundi wa wazee na mimi nauheshimu, ila jino la baba mkwe wangu linasema "makavu" kwa mahindi ambayo chumvi inayakataa, na siku hizi naisikiliza chumvi. (Yeye hajui. Mwacheni.)

Kuna neno kuhusu wauzaji. Mifuko yenye jina nimekuwa nikiipata kwenye maduka ya pembejeo. Lakini sokoni Mwanjelwa kuna mtu alinitembezea viroba vyenye nailoni moja nyepesi, ile ya kufungia vitumbua, akasema "ni hiyo hiyo mama, ya kisasa." Ipo mifuko halali yenye nailoni moja, ila plastiki yake imetengenezwa kwa namna yake na ina jina la kiwanda. Yake haikuwa na jina wala maandishi. Hesabu nailoni, zishike kwa vidole, soma kiroba. Kwenye duka jingine kijana alinishauri niweke na vidonge vya kufukiza ndani ya mfuko "ili kuwa na uhakika". Usifanye. Vile vidonge vinatoa gesi ya fosfini, nayo haichagui mdudu na binadamu. Vimetengenezwa kwa watu waliofundishwa na kwa maghala yasiyolaliwa. Huku watu wanaweka mahindi chini ya kitanda, na kidonge humo, na watoto kitandani. Nikimsikia mteja anakitaja kidonge, mazungumzo ya biashara yanasimama kwanza.

Dawa ya unga, Actellic Super kwa mfano, siidharau. Imechanganywa viwili kwa sababu: pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi, permethrini kwa ajili ya dumuzi. Kwa mkulima mwenye mahindi mengi anayetaka kufungua na kuchota, inafaa kuliko mfuko, mradi afuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, asikadirie kwa kiganja, na mahindi yaoshwe vizuri kabla ya kwenda mashine. Nguvu yake inaisha kadiri miezi inavyokwenda, na kila msimu unanunua upya. Mama mkwe kwa maharage ya mbegu anatumia mafuta ya kula, kijiko kimoja cha chai kwa kilo, anachanganya mpaka yang'ae. Kwa kiasi kidogo inafanya kazi, mayai hayaanguliwi. Kwa magunia ya dukani, mafuta ya kula bei hiyo? Hapana.

Wanaoniuliza kuhusu kabati la jikoni, mfuko huu si wenu. Mchele wa kilo tano, weka kwenye friza wiki nzima ukiwa umefungwa vizuri, mayai na wadudu wote wanakufa, kisha uhamishie kwenye ndoo inayobana. Usifungue ukiwa bado wa baridi, utaloa. Asiye na friza anunue kidogo kidogo, na asimwage mchele mpya juu ya mabaki ya zamani, maana ndoo nyingi zinaambukizwa hivyo. Na wale wadudu wekundu kwenye unga wa ngano si fukusi, fukusi hawezi kuzaliana kwenye unga laini. Wakiwa wachache, chekecha. Unga ukianza kunuka ukali na kubadilika rangi kuelekea upinki, huo ni ute wao, mwagia kuku. Tambi na makaroni, kwa upande mwingine, fukusi anaingia kama kawaida, kagua pakiti kabla ya kulipa. Mchele uliokutwa na fukusi wawili watatu hauna madhara. Osha, waelee, wamwage, pika.

Bei nairudia kwa sababu ndiyo wanayonibishia. Nililipa elfu tano kwa mfuko wa kilo mia. Ukitunza unautumia msimu wa pili, na wa tatu ukibahatika. Yangu ya mwanzo imefika wa tatu ikiwa na nailoni moja niliyoibadilisha. Ukifungua, toa unachohitaji kwa mkupuo na ufunge tena siku hiyo hiyo, la sivyo oksijeni imerudi na kazi inaanza upya. Mimi mfuko ukifunguliwa nauza wote, siurudishi. Kwa mtu wa debe la Jumamosi nimekuwa nikishauri agawe: gunia moja kwenye mfuko lisiguswe, jingine kwenye ndoo za lita 20 la kula sasa.

Ningependa mfuko wa kilo 50 upatikane huku kwa wingi, kwa ajili ya akina mama wa maharage. Kilo mia ya maharage si kila mtu anayo kwa wakati mmoja, na mfuko uliojaa nusu una hewa nyingi ndani, wadudu wanachelewa kuimaliza. Kwa sasa wanawake watatu wa kikundi chetu wanaunganisha maharage yao mfuko mmoja, kila mmoja kapima kwenye mzani wangu na kuandika daftarini. Nailoni iliyotoboka hatutupi, tunaitandika chini ya turubai tukianika, umande wa chini usipande.